Nukta ya Budapest: kisa cha 162 na 360

Mwaka 2004 wanafizikia wawili wa Hungaria, Zoltán Fodor na Sándor Katz, walichapisha namba mbili: halijoto ya 162 MeV (milioni za elektroni-volti, kipimo cha nishati) na potenshali ya kemikali ya 360 MeV. Hapo, walisema, ndipo unapoishia mstari unaoitenga maada tuliyoizoea, ya protoni na nutroni, na maada ya kwaki zilizofunguliwa. Namba ya kwanza waliiwekea kosa la ±2, ya pili ±40. Miaka michache tu kabla ya hapo wengi katika fani hii waliamini kwamba nukta hiyo haiwezi kukokotolewa kutoka kwenye nadharia yenyewe, na kwamba kilichobaki ni kubahatisha kwa modeli.

Leo ni wachache wanaoiweka nukta pale. Na bado hesabu ile haikuwa ya ovyo: mwaka 2020 njia nyingine ilipotumiwa kwenye mazingira yaleyale, jibu lilitoka karibu na lilelile. Kwangu mimi hiki ndicho kisa chenye mafunzo mengi zaidi katika utafiti wa maada ya kwaki, kwa sababu hesabu ilifanywa kwa uangalifu, ikatoa jibu zuri, na jibu hilo likawa la swali jirani.

Kinachotafutwa

Kwaki hazijawahi kuonekana zikitembea peke yake. Zimefungwa tatu tatu ndani ya protoni na nutroni, au kwaki na antikwaki ndani ya mesoni, na kinachozifunga ni nguvu kali, ambayo nadharia yake huitwa kromodinamiki ya kwanta, kwa kifupi QCD. Zikipata joto la kutosha, kifungo kinalegea. Ramani ya hali za maada hii ina mihimili miwili: halijoto T, na potenshali ya kemikali μ, yaani gharama ya nishati ya kuongeza barioni moja (chembe ya kwaki tatu, kama protoni) kwenye mfumo. μ ikiwa sifuri, maada na antimaada ziko sawa kwa sawa. Ikipanda, maada inazidi na msongamano unakua. Vyote viwili hupimwa kwa MeV, na MeV 1 ya halijoto ni kama nyuzi bilioni 11.6 za Kelvini.

Upande wa μ=0 mambo yamekwisha kujulikana. Mwaka 2006 Fodor, Katz na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba hapo hakuna mpito wa ghafla: maada inahama taratibu kutoka hali moja kwenda nyingine, na hakuna halijoto moja ambayo unaweza kusema hapa ndipo ilipochemka. Badiliko hilo huwa karibu na 156.5±1.5 MeV kwa kipimo cha kundi la HotQCD cha mwaka 2019, sawa na nyuzi trilioni 1.8 hivi. Upande wa msongamano mkubwa, modeli nyingi zinasema mpito ni wa ghafla. Ikiwa yote mawili ni kweli, basi mstari wa mpito wa ghafla lazima uishie mahali, kama ule wa maji na mvuke unavyoishia kwenye nyuzi 374 za Selsiasi na shinikizo la angahewa 218. Nukta hiyo ya mwisho ndiyo inayotafutwa. Mashine za kugonganisha viini zinajengwa na kupangiwa ratiba kwa kuitazamia, kwa hiyo namba ya nadharia hapa ina uzito wa fedha na miaka ya watu.

Determinanti inapogoma

Kwenye halijoto hizi QCD haikubali kalamu na karatasi. Njia inayotumika, aliyoianzisha Kenneth Wilson mwaka 1974, ni kuikata nafasi na wakati kuwa wavu wa nukta, yaani latisi. Halijoto inaingia kupitia urefu wa upande wa wakati: upande huo ukiwa mfupi, joto ni kali. Fodor na Katz walikuwa na nukta 4 tu upande wa wakati. Kwenye 160 MeV, hiyo ina maana kwamba nukta moja na jirani yake zimeachana kwa fermi 0.3 (fermi moja ni sehemu ya milioni ya bilioni ya mita), ilhali nusukipenyo cha protoni nzima ni fermi 0.84. Msomaji aishike namba hiyo, tutaihitaji.

Kila mpangilio wa uga wa gluoni, chembe zinazobeba nguvu kali, una uzito wake kwenye latisi, na ndani ya uzito huo mna determinanti ya matriksi ya kwaki, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali kubwa la namba. μ ikiwa sifuri, uzito ni namba halisi na ni chanya, kwa hiyo unauchukulia kama uwezekano: unachota mipangilio maelfu kwa Monte Carlo, yaani kwa bahati nasibu ya kompyuta, unapiga wastani, umemaliza. Ukiingiza μ halisi, determinanti inageuka namba changamano, na hakuna uwezekano wa namba changamano. Hilo huitwa tatizo la alama. Peter Hasenfratz na Frithjof Karsch walishaonyesha mwaka 1983 namna sahihi ya kuiweka μ kwenye latisi, lakini kujua pa kuiweka ni jambo moja na kukokotoa ni lingine.

Ugumu wake unaonekana vizuri zaidi kwenye mfano mdogo ambao yeyote anaweza kuujaribu kwenye kompyuta yake. Chota x kutoka mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0 na mtawanyiko 1, kisha tafuta wastani wa cos(λx). Jibu kamili linajulikana: e^(−λ²/2). λ ikiwa 1, jibu ni 0.61, na sampuli 54 hivi zinatosha kulipata kwa kosa la asilimia 10. λ ikiwa 5, jibu ni 0.0000037. Kila sampuli bado inakuletea namba kati ya −1 na +1, zikifutana karibu zote, na kosa lilelile la asilimia 10 sasa linadai sampuli kama trilioni 3.6.

Katika QCD kinachofanya kazi ya λ² ni ujazo wa sanduku. Ukilikuza, wastani wa alama unaporomoka kwa kasi ya kipeo. Wala huwezi kuliacha dogo, kwa sababu kwenye sanduku dogo kila mpito huonekana laini hata kama si laini. Mwaka 2005 Matthias Troyer na Uwe-Jens Wiese walithibitisha kwamba tatizo la alama, likichukuliwa kwa ujumla wake, ni gumu kwa kiwango cha matatizo ya NP, ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yote. Anayengoja dawa moja ya kutibu kila kesi atangoja sana.

Mfano wetu unaonyesha pia milango mitatu ya kupenyea. Wa kwanza ni huo tuliotumia: chota sampuli kwenye λ=0, kisha zipe uzito upya. Wa pili ni mfululizo wa Taylor, 1 − λ²/2 na kuendelea, ambao vigawo vyake vyote hupatikana kwenye λ=0; ila kwenye λ=5 vipengele vyake hupanda hadi kupita 30,000 kabla ya kufutana na kuacha zile 0.0000037. Wa tatu ni kuifanya λ iwe namba ya kufikirika. Hapo cos inageuka cosh, kila kitu kinakuwa chanya, unakokotoa kwa raha, kisha unaiendeleza fomula mpaka upande wa namba halisi ukiomba isikusaliti njiani. Kwenye QCD mlango huu wa tatu una ukuta wake, uliogunduliwa na André Roberge na Nathan Weiss mwaka 1986: ukifika μ/T = iπ mambo yanaanza kujirudia, na kwenda mbali zaidi hakukuongezei habari.

Ujanja wa Budapest

Fodor na Katz walipita mlango wa kwanza, ambao wengi walikuwa wameshauona umefungwa. Ian Barbour na wenzake wa Glasgow walikuwa wameujaribu kwa miaka, wakipata msongamano unaoanza kupanda kwenye μ ndogo mno kuliko inavyokubalika kifizikia. Shida haikuwa alama peke yake. Sampuli za μ=0 hazifanani na zile zinazotawala μ ikiwa kubwa; ni sawa na kutaka kujua wavuvi wa Pemba wanakula nini kwa kuwahoji watu wa Dodoma, halafu kuwapa uzito wa ajabu wale wawili watatu waliowahi kuonja pweza.

Fodor na Katz walibadilisha vitu viwili kwa mpigo: μ, pamoja na β, kigezo kinachopima nguvu ya mwingiliano kwenye latisi. Sampuli walizichota palepale penye mpito wa μ=0, ambapo mipangilio hurukaruka kati ya hali ya hadroni (kwaki zilizofungwa) na hali ya kwaki zilizofunguliwa. Kisha wakasogea pamoja na mstari wa mpito, wakiongeza μ huku wakirekebisha β, ili mchanganyiko wa hali mbili uliokuwepo mwanzoni uendelee kuwa na maana kule walikokwenda. Ni wazo jepesi kulieleza, na nadhani ndiyo sababu liliwashtua watu: lingeweza kufikiriwa miaka kumi nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Kwenye latisi ya 12×12×12×4, kwa rangi tatu za kwaki, matriksi ina safu 20,736. Kuna njia ya kuipunguza hadi matriksi ya 10,368 ambayo thamani zake eigeni, ukishazipata mara moja kwa mpangilio mmoja, zinakupa determinanti kwa μ yoyote utakayo. Lakini lazima uzipate zote, kwa kila mpangilio. Waliifanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Eötvös, Budapest, kwenye kompyuta za kawaida za mezani zilizoungwa pamoja, mfumo ambao wenyewe waliubatiza Kompyuta Kuu ya Maskini.

Kuitambua nukta waliegemea wazo la T. D. Lee na C. N. Yang la mwaka 1952. Kwenye sanduku lenye ukubwa wa kikomo, fungsheni ya mgawanyo, yaani jumla ya uzito wa mipangilio yote, haifiki sifuri popote kwenye β halisi, lakini inafika sifuri kwenye β changamano. Kuza sanduku utazame sifuri iliyo karibu zaidi. Ikibaki mbali na mhimili wa namba halisi, mpito ni laini. Ikiuvamia mhimili, mpito ni wa kweli. Kwa kila μ walitafuta sifuri hiyo kwenye masanduku kadhaa, wakaikadiria kwa sanduku lisilo na mwisho, na μ ambapo umbali unakuwa sifuri wakaiita nukta. Jaribio la kwanza, 2002, lilitoa T = 160±3.5 na μ = 725±35, kwa kwaki nyepesi zilizokuwa nzito kupita kiasi na masanduku yasiyozidi 8. La 2004 lilishusha uzito wa kwaki hizo mara tatu hadi kiwango cha asili na kufikisha sanduku kwenye 12. Nukta ikasogea kutoka 725 hadi 360.

Msogeo huo ulipaswa kumfanya kila msomaji asite. Namba iliyopungua nusu kwa kurekebisha kitu kimoja ambacho kila mtu alijua hakiko sawa, itafanya nini tutakaporekebisha kile cha pili?

Pingamizi

Cha pili ni zile fermi 0.3. Kosa la ±2 lilipima mtikisiko wa sampuli tu. Halikupima tofauti kati ya latisi yenye matundu makubwa kiasi hicho na ulimwengu usio na matundu. Wenyewe walilijua hili na hawakulificha: sentensi ya mwisho ya ikisiri yao inakumbusha kwamba hesabu ya kuyafuta matundu bado haijafanywa. Kwenye slaidi za mikutano, hata hivyo, sentensi haziendi pamoja na nukta. Niliwahi kuona michoro mingi ya ramani hii yenye kidoto cha 2004 na mistari yake mifupi ya makosa, kikiwa kimekaa katikati ya utabiri wa modeli kama kipimo kati ya makisio.

Pingamizi la kwanza zito lilitoka Copenhagen. Kim Splittorff, mwaka 2005, alilinganisha QCD na nadharia dada ambamo awamu (pembe) ya determinanti imetupwa, ukabaki ukubwa wake tu. Nadharia hiyo ina mpito wake mwenyewe, wa pioni (mesoni nyepesi kuliko zote) kujikusanya, na kwenye T=0 huanza μ kwa kila kwaki ikifika nusu ya uzito wa pioni. Aliona kwamba nukta za Budapest zinaangukia karibu na mpaka huo, mahali hasa ambapo alama zinaanza kufutana vibaya. Shaka ikawa: je, wameiona nukta ya QCD, au wameona njia yao yenyewe ikizidiwa?

La pili ni la kifundi na mimi huliona la hatari zaidi. Kwaki za aina waliyotumia hujirudia kwenye latisi, kila moja ikihesabika mara nne, kwa hivyo determinanti huchukuliwa kipeuo: cha pili kwa kwaki mbili nyepesi, cha nne kwa ile ya tatu, nzito zaidi, iitwayo ya ajabu (strange). Namba chanya ina kipeuo chanya kimoja, hakuna ubishi. Namba changamano inakulazimisha kuchagua. Maarten Golterman, Yigal Shamir na Benjamin Svetitsky walionya mwaka 2006 kwamba kwenye μ kubwa na latisi zenye matundu, uchaguzi huo unaweza kuharibu fizikia yenyewe.

La tatu lilikuja kupitia mlango wa namba za kufikirika. Philippe de Forcrand na Owe Philipsen waliuliza swali kwa upande mwingine. Kwaki zikiwa nyepesi kuliko za asili, mpito wa μ=0 kwenye latisi ya nukta 4 ni wa ghafla. Kama kweli kuna nukta karibu, eneo hilo la mpito wa ghafla linatakiwa kupanuka μ inapokua, hadi limeze kwaki za uzito wa asili. Walichopata ni kwamba eneo linasinyaa. Latisi zilikuwa na matundu makubwa vilevile, na kwaki tatu zenye uzito sawa badala ya mbili nyepesi na moja nzito, kwa hiyo hawakuwa wamekokotoa kitu kilekile; lakini mwelekeo ulikuwa kinyume kabisa, na kwa miaka zaidi ya kumi pande mbili zilikaa hivyo.

Hesabu inarudiwa

Mwaka 2020 Katz, akiwa na Matteo Giordano, Kornél Kapás, Dániel Nógrádi na Attila Pásztor, alirudi kwenye latisi ileile ya nukta 4 na kwaki zilezile zisizoboreshwa. Safari hii hawakuchota kwenye μ=0. Walichota moja kwa moja kwenye μ wanayoitaka, wakitumia ukubwa wa sehemu halisi ya determinanti kama uzito, na kuacha alama tu, + au −, irekebishwe mwishoni. Kwa namna hii kikwazo cha Pemba na Dodoma kinaondoka. Linalobaki ni tatizo la alama peke yake, ambalo angalau unaweza kulipima. Sifuri kwenye masanduku ya 8, 10 na 12 zilionyesha mpito ukizidi kuwa mkali, ukikubaliana na mpito wa kweli karibu na μ/T = 2.4.

Gawa 360 kwa 162: 2.2.

Kwa hesabu, basi, kazi ya 2004 ilisimama, na shaka kwamba ni njia tu iliyozidiwa ilipungua nguvu sana. Latisi ile inaelekea kuwa na nukta karibu na pale walipoisema. Kilichoanguka ni dhana kwamba latisi ile inatuwakilisha. Ushahidi wa hilo ulikuwa ukikusanyika pembeni: kadiri matundu yanavyopunguzwa, eneo la mpito wa ghafla la kwaki nyepesi kwenye μ=0 linasinyaa, na mwaka 2021 Francesca Cuteri, Philipsen na Alessandro Sciarra walihitimisha kwamba kwa hadi aina sita za kwaki zisizo na uzito huenda eneo hilo linatoweka kabisa matundu yakifutwa. Kama ukali wa mpito kwenye μ=0 ulikuwa kwa sehemu zao la matundu, haishangazi kwamba nukta nayo ilisogezwa karibu kuliko ilivyo.

Mwaka 2025 kundi la Szabolcs Borsányi, Fodor akiwa miongoni mwa waandishi, lilitumia μ za kufikirika kwa namna mpya: walifuata mistari ya entropia isiyobadilika kutoka upande wa kufikirika hadi upande halisi, wakatazama kama inakutana, kwa kuwa kukutana ni dalili ya mpito wa ghafla. Matundu yalifutwa kwa hesabu ya kikomo. Jibu lao, kwa kiwango cha sigma mbili (uhakika wa asilimia 95 hivi), ni kwamba nukta haipo chini ya μ = 450 MeV. Masharti hayakuwa yaleyale kabisa, maana safari hii jumla ya kwaki za ajabu iliwekwa sifuri kama inavyokuwa viini vinapogongana, lakini 360 imo ndani ya eneo lililofutwa.

Juu ya 450 ndiko zilikokuwa zikielekeza njia zisizo na latisi. Wei-jie Fu, Jan Pawlowski na Fabian Rennecke, kwa milinganyo ya kundi la renomalizesheni, walitoa 107 MeV na 635 MeV mwaka 2020. Pascal Gunkel na Christian Fischer, kwa milinganyo ya Dyson na Schwinger, walitoa 117 na 600 mwaka 2021. Njia hizi hazina tatizo la alama hata kidogo, ila zinakata mlolongo wa milinganyo usio na mwisho mahali fulani, na kosa la mahali pa kukata ni gumu kulikadiria kuliko hata la matundu. Kwamba mbili zinakaribiana kunanivutia zaidi kuliko namba yenyewe, ingawa zina undugu wa kutosha kufanya makosa ya pamoja.

Kundi la STAR pale Brookhaven, Marekani, lilikusanya data za awamu ya pili ya msako huu kati ya 2019 na 2021. Migongano ya pande mbili ilifika μ ya karibu 400, na ile ya shabaha isiyotembea ikaendelea kutoka hapo hadi zaidi ya 700. Jaribio la CBM linalojengwa Darmstadt, Ujerumani, limekusudiwa kwa μ zaidi ya 500. Huko ndiko latisi bado haifiki: mfululizo wa Taylor na uendelezaji kutoka namba za kufikirika huanza kuchoka μ/T inapopita 3 hivi, na kwenye 107 na 635 uwiano huo ni karibu 6.